Mirija ya mawe: nguvu iliyojificha katika udongo mweupe

Ukipita mitaa ya zamani ya miji yetu, kwenye nyumba za watumishi wa reli, maghala ya ushirika na shule zilizojengwa miaka ya 1960, bado utaona mapaa ya kijivu yenye mawimbi mapana, yaliyoota ukungu mweusi. Ni mapaa ya asbesto. Watu wengi wanajua kwamba yana madhara. Wachache wanajua kwamba shiti ile ni saruji iliyotiwa nguvu kwa mirija midogo ya jiwe, na kwamba hakuna mirija mingine ya nano iliyowahi kutumika kwa wingi kama huo tangu binadamu aanze kuchanganya malighafi.

Mvumbuzi wa shiti hiyo alikuwa Mwaustria, Ludwig Hatschek. Alichukua mashine ya kutengenezea karatasi, akaimwagia uji wa saruji na nyuzi za asbesto, akapata shiti nyembamba, nyepesi, isiyoungua. Hataza yake aliipata mwaka 1901, na bidhaa akaiita Eternit. Saruji tupu ikivutwa hukatika. Ikitiwa nyuzi, sehemu moja hivi kwa kumi, inageuka shiti ya kuezekea inayohimili mvua na jua kwa miongo kadhaa.

Nyuzi hizo, nyingi zake, ni krisotili, yaani asbesto nyeupe. Zaidi ya asilimia 90 ya asbesto yote iliyotumika duniani ilikuwa ya aina hii. Afrika ilichimba nyingi: Zvishavane na Mashava huko Zimbabwe, na mgodi wa Havelock huko Bulembu, Eswatini. Uzi mmoja unaouona kwa macho ni fungu la vijiuzi vingi mno, na kila kijiuzi ni mrija wenye upana wa nje wa nanomita 20 hadi 35 na tundu la nanomita 7 hivi katikati. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Nimeanza na asbesto kwa makusudi. Makala nyingi kuhusu mirija ya nano huanza na kaboni, kule Japan, mwaka 1991, pale Sumio Iijima alipochapisha picha zake zilizoshangaza dunia. Kaboni inastahili sifa zake, lakini dunia ilikuwa na mirija ya nano mamilioni ya miaka kabla ya maabara yoyote, tena ndani ya mawe na udongo. Na hii ya madini ina mambo mawili ambayo ya kaboni haina: mingine ni rahisi kiasi cha kuuzwa kwa magunia, na mingine imekwisha kutuonyesha, kwa gharama ya maisha ya watu, jinsi vumbi lake linavyoua.

Swali la kwanza ni kwa nini jiwe lijikunje. Madini haya yameundwa kwa matabaka mawili yaliyoshikana kwa atomi za oksijeni yanazochangia: tabaka la silika, na tabaka la pili la alumini au magnesi. Tatizo ni kwamba vipimo vya matabaka hayo havilingani. Fikiria fundi cherehani aliyeshona koti, bitana akaikata fupi kuliko kitambaa cha nje. Koti hilo halilali. Linajikunja kuelekea upande wa bitana. Katika krisotili tabaka la magnesi ndilo pana, kwa hiyo linakaa nje na silika inabaki ndani. Katika haloisiti, ambayo ndiyo hasa habari ya makala haya, tabaka la alumini ni jembamba kuliko la silika, kwa hiyo mambo yanageuka: silika nje, alumini ndani.

Kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, ina kemia ileile ya haloisiti, lakini matabaka yake yamelala bapa. Sababu ni kwamba yamebanana, kila moja likilishika jirani yake lisiinuke. Haloisiti ina safu ya maji kati ya tabaka na tabaka. Maji hayo hulegeza mshiko, na tabaka likipata nafasi linajikunja. Mkemia Linus Pauling alitabiri kwa kukokotoa tu, mwaka 1930, kwamba matabaka yasiyolingana yangejikunja. Miaka 20 ikapita kabla Thomas Bates na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania hawajaweka krisotili na haloisiti chini ya hadubini ya elektroni na kuyaona matundu yenyewe.

Haloisiti ilikuwa na jina tangu mwaka 1826. Mkemia Mfaransa Pierre Berthier aliieleza kutokana na sampuli ya Angleur, karibu na Liège, akaipa jina la mwanajiolojia wa Ubelgiji, Omalius d'Halloy. Kwa zaidi ya karne moja ikabaki udongo wa kauri tu. Huko Matauri Bay, kaskazini mwa New Zealand, inachimbwa kwa sababu ni nyeupe mno na ina chuma kidogo, na vikombe vya kauri ya hali ya juu vinahitaji weupe huo. Mgodi wa Dragon katika jimbo la Utah, Marekani, uliwahi kuilisha sekta ya kusafisha mafuta ya petroli, ambako udongo huo ulitumika kama kichocheo cha kuvunjavunja mafuta mazito. Hakuna aliyekuwa akiijali mirija.

Vipimo vyake ni hivi. Upana wa nje kwa kawaida ni nanomita 40 hadi 70. Tundu la ndani ni nanomita 10 hadi 20. Urefu ni sehemu ndogo ya mikromita hadi mikromita 2 hivi, ingawa baadhi ya machimbo hutoa mirefu zaidi. Ukakamavu wa mrija mmoja, yaani namna unavyokataa kupindwa au kuvutwa, umepimwa kwa kuukunja chini ya hadubini, na wastani ukawa kati ya gigapaskali 130 na 140. Chuma cha pua kina kama 200. Nyuzi za kioo, zile zinazotumika kutengenezea boti za faiba, zina kama 70. Mrija wa kaboni unafika 1,000. Kwa hiyo haloisiti si bingwa wa dunia, lakini inaishinda faiba kwa karibu mara mbili, na hakuna aliyeitengeneza. Inachotaka ni kuchimbwa, kuoshwa, kuchujwa mchanga na kukaushwa.

Ukakamavu wa mrija, hata hivyo, si ukakamavu wa plastiki iliyotiwa mrija. Hapa ndipo habari nyingi za nano zinapodanganya wasomaji. Kompositi, yaani plastiki iliyotiwa kitu kingine cha kuiimarisha, haifanyi kazi kwa sababu kilichotiwa ndani kina nguvu. Inafanya kazi ikiwa mzigo unahama kutoka kwenye plastiki laini kwenda kwenye kitu kigumu kilicho ndani yake. Mzigo huo unapitia kwenye ngozi ya mrija. Ngozi ikishikana vizuri na plastiki, na mrija ukawa mrefu wa kutosha kulinganisha na unene wake, mrija unabeba. Ngozi ikiteleza, umetia mchanga tu.

Mfano mzuri ulichapishwa mwaka 2007 katika jarida la Polymer. Watafiti walichanganya haloisiti na epoksi, ile gundi ngumu ya sehemu mbili inayotumika kwenye boti, sakafu na mabawa ya ndege. Walitia asilimia 2.3 tu kwa uzito. Uwezo wa epoksi kuhimili kishindo ukapanda mara nne, na ukakamavu wake haukupungua. Anayefahamu epoksi atashtuka, kwa sababu ugonjwa wake mkubwa ni kupasuka ghafla kama kioo, na dawa za zamani, kama kuitia chembe za mpira, huitibu kwa kuilegeza. Kwenye nyuso zilizovunjika, hadubini ilionyesha kilichotokea: ufa ulipofika kwenye mirija ulikuta vizuizi vilivyoushika kutoka pande zote mbili. Ili uendelee ulilazimika kuichomoa mmoja mmoja au kuizunguka, ukagawanyika kuwa nyufa ndogondogo. Nguvu za kishindo zikaishia kwenye kazi hiyo.

Epoksi ni rafiki wa haloisiti. Nailoni pia ni rafiki, kwa sababu molekuli zake zina sehemu zinazopenda maji kama ulivyo uso wa udongo wenyewe. Polipropilini, plastiki ya ndoo na viti, si rafiki hata kidogo. Ina asili ya mafuta, na udongo una asili ya maji. Ukivichanganya hivihivi, mirija inakimbilia kukumbatiana yenyewe kwa yenyewe, na unapata madonge. Kila donge ni mahali ambapo ufa utaanzia. Ndiyo maana viwandani hupitia hatua mbili. Kwanza mirija huvikwa silani, kemikali yenye mkono mmoja unaoshika silika na mwingine unaoshika plastiki. Pili, mchanganyiko unapitishwa kwenye mashine ya skrubu mbili zinazozunguka pamoja na kusaga madonge wakati plastiki ingali imeyeyuka. Hata hivyo kuna kikomo. Ukivuka asilimia 5 hivi, mara nyingi faida inaanza kushuka, kwa sababu mirija imekuwa mingi kuliko uwezo wa mashine kuitenganisha. Bosi wa kiwanda anayetaka asilimia 20 kwa kuwa udongo ni rahisi kuliko plastiki hana kompositi ya nano. Ana plastiki yenye udongo.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa plastiki hulitaja kwa kupita, nami nadhani ni kubwa: moto. Haloisiti imebeba maji katika muundo wake. Ikipashwa joto kati ya nyuzi 400 na 600 za Selsiasi huyatoa, na kile kinachobaki hufanya ganda linalozuia gesi zinazowaka kutoka. Watafiti wa Guangzhou, China, walilionyesha hilo kwenye polipropilini mwaka 2006. Kwa nyaya za umeme na dari za plastiki, sifa hiyo inaweza kuwa na faida kuliko nguvu yenyewe.

Halafu kuna tundu. Nyuzi za kioo hazina tundu, na karatasi za udongo bapa hazina. Mrija wa haloisiti ni chupa. Uso wake wa nje una chaji hasi na wa ndani una chaji chanya, kwa hiyo unaweza kuingiza dawa ndani bila kuipaka nje. Yuri Lvov wa Chuo Kikuu cha Louisiana Tech na wenzake walilishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Waliiweka mirija ndani ya ombwe ili hewa itoke, wakairuhusu ivute benzotriazoli, kemikali inayozuia shaba na chuma visioze kwa kutu, kisha wakaichanganya na rangi ya kupaka. Rangi ikikwaruzwa, mirija iliyo kwenye mkwaruzo inafunguka na kuvujisha dawa taratibu mahali hasa palipoumia. Waliweza hata kuziba vinywa vya mirija kwa vizibo vidogo vya shaba na benzotriazoli ili dawa isitoke kabla ya wakati. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki geti la chuma Mombasa, Tanga au Bagamoyo, akaona linavyoliwa na upepo wa chumvi, anaelewa rangi hiyo ina thamani gani.

Mpaka hapa tumezungumzia kile kinachochimbwa. Udongo uliochimbwa una ubaya wake: kila chimbo lina mirija ya urefu wake, na gunia la mwezi huu si sawa na la mwezi ujao. Mhandisi anachukia hilo. Anataka mirija yote ifanane. Ndipo tunapofika kwenye imogoliti.

Mwaka 1962 wanasayansi wawili Wajapani, Yoshinaga na Aomine, walieleza madini mapya kutoka kwenye udongo wa majivu ya volkano katika kisiwa cha Kyushu, udongo ambao wakulima wa huko huuita imogo. Mirija yake ni midogo ajabu: upana wa nje nanomita 2 hivi, na tundu la nanomita 1. Humo ndani molekuli za maji zinapita chache tu kwa wakati mmoja. Kitu kinachowavutia wanakemia zaidi ni kwamba mirija yote ina upana uleule. Ya kaboni hutoka kwenye tanuru ikiwa na vipenyo vya kila namna. Imogoliti hukataa upana wowote isipokuwa ule mmoja ambao mvutano kati ya silika ya ndani na alumini ya nje umetulia.

Victor Farmer na wenzake wa Taasisi ya Macaulay, Aberdeen, Uskoti, ndio waliofanikiwa kuitengeneza maabara, mwaka 1977. Njia yao, mwanafunzi wa kemia anaweza kuifuata. Unachanganya chumvi ya alumini na asidi ya siliki katika maji mengi. Unaongeza alikali polepole mpaka mchanganyiko ukaribie pH 5, kisha unarudisha asidi kidogo. Halafu unauacha kwenye joto la karibu kuchemka kwa siku kadhaa. Hakuna tanuru, hakuna gesi za hatari, hakuna kichocheo cha madini adimu. Vipande vidogo vilivyopinda hujiunda kwanza, halafu vinaungana kichwa kwa mkia.

Neno la kuangalia hapo ni maji mengi. Mchanganyiko ukiwa mzito, mirija haiungani. Unapata uji usio na umbo. Kwa viwango vya Farmer, milimoli 2 za alumini kwa lita, hesabu inatoa takriban gramu 0.2 za imogoliti kwa kila lita, hata kama hakuna kilichopotea. Pipa la lita 200 linatoa gramu 40. Gunia moja la kilo 50 lingehitaji lita 250,000 za maji zikipashwa joto kwa siku nyingi. Ndiyo sababu imogoliti imebaki kipenzi cha maabara. Njia ya kupunguza maji ilipatikana kwa kubadilisha silika kwa jerimani: mirija hujikunja kwa upana zaidi, nanomita 3 hivi, na huvumilia mchanganyiko mzito mara nyingi zaidi. Lakini jerimani ni ghali na mirija hutoka mifupi. Kwa maoni yangu njia hiyo inatufunza kemia, kiwanda haitajenga.

Krisotili nayo hutengenezwa, kwa kuichemsha silika na magnesi ndani ya chombo cha shinikizo kubwa, kwenye joto la nyuzi zaidi ya 200. Watafiti wa Bologna, Italia, waliitengeneza ikiwa safi, isiyo na chuma ambacho ile ya mgodini huwa nacho, ili wapate kujua ni sehemu gani ya asbesto inayoumiza seli. Hiyo ni kazi njema, na ibaki maabara.

Kwa sababu asbesto inaua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aina zake zote, nyeupe ikiwemo, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu: saratani ya mapafu, na mesotelioma ya utando unaoyazunguka, ambayo huweza kujitokeza miaka 30 au 40 baada ya mtu kuvuta vumbi. Kenya ilipiga marufuku matumizi yake mwaka 2006. Wanasayansi wanaeleza hatari hiyo kwa mambo matatu: uzi uwe mwembamba kiasi cha kufika ndani kabisa ya pafu, uwe mrefu kiasi kwamba seli za ulinzi zinashindwa kuumeza, na uwe mgumu wa kuyeyuka. Mwaka 2008 kundi la Edinburgh lilionyesha kwamba mirija mirefu ya kaboni, ikidungwa tumboni mwa panya, huleta uvimbe unaofanana na wa asbesto, lakini mifupi na iliyojisokota haikuleta.

Haloisiti ya kawaida ni fupi. Nyuzi zinazohesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa za hatari huanza mikromita 5 kwa urefu, na mirija mingi ya haloisiti haifiki 2. Majaribio ya seli mpaka sasa yanatia moyo. Mimi nisingeyachukua kuwa cheti cha usalama. Machimbo mengine yana mirija mirefu, mengine yana vumbi la kwatsi ambalo lenyewe husababisha saratani, na wauzaji wa krisotili nao walidai kwa miongo mingi kwamba yao si mbaya. Ndani ya plastiki mrija umefungwa. Hatari iko kwa kijana anayekata mfuko na kumwaga unga kwenye mashine, na kwa fundi anayepiga msasa. Barakoa ya kuchuja vumbi, maji ya kunyunyizia na feni ya kunyonya vumbi viwepo kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.

Je, sisi tunayo? Udongo mwekundu wa nyanda za juu za Kenya, ule wa chai na kahawa, wanasayansi huuita Nitisoli, na mfinyanzi wake hutawaliwa na kaolini na haloisiti. Zaidi ya nusu ya Nitisoli za dunia ziko Afrika ya kitropiki, katika nyanda za juu za Ethiopia, Kenya, Kongo na Kamerun. Imogoliti na ndugu yake alofani huzaliwa kwenye udongo wa majivu ya volkano, wa namna iliyopo kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro. Asije mtu akang'oa migomba. Haloisiti ya shambani imechanganyika na oksidi za chuma kiasi kwamba kuisafisha ni hasara, na ekari ya kahawa ina faida kuliko tani za udongo huo. Chimbo linalolipa ni la udongo mweupe, pale majimoto yalipouozesha mwamba wa volkano, na Bonde la Ufa lina miamba na maji ya namna hiyo.

Ombi langu ni kwa wanaopima kaolini, iwe ya Pugu karibu na Dar es Salaam au ya popote Afrika Mashariki. Haloisiti iliyokauka na kaolini hutoa karibu alama ileile kwenye mashine ya eksrei, nanomita 0.7 kati ya tabaka na tabaka, kwa hiyo ripoti huandika kaolini na faili linafungwa. Msilifunge. Nyunyizieni sampuli kemikali iitwayo formamidi na mpime tena: haloisiti hutanuka hadi nanomita 1 hivi ndani ya saa moja, kaolini huchukua zaidi ya saa nne. Sampuli itakayotanuka haraka ipelekwe kwenye hadubini ya elektroni kabla mtu hajaiuza kwa bei ya udongo wa vikombe.